Kipima-taa cha Shemeji

Kring', kring', kring'. Vioo viligongana ndani ya boksi, vikanyamaza, vikagongana tena.

Fundi cherehani alikuwa amepiga goti, pini mdomoni, anakunja upindo wa gauni lililovalishwa sanamu la mbao. Aliinua kichwa. Sauti ile aliijua kama anavyojua kikohozi cha mdogo wake. Zilikuwa taa za amplifaya, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka kama kaa la moto, ambazo wenye redio za kisasa walizitupa zamani na wenye wazimu kama yeye wakaziokota. Taa nyingi, zimefungwa ovyo kwenye magazeti, na anayezibeba ni mtu asiyejua kutembea polepole. Yote hayo aliyasikia. Alichoshindwa kukisikia ni upande. Alitazama mlango wa barabarani, kulia kwake. Uliofunguliwa kwa teke ni mlango wa uani, kushoto.

"Hodi, shemeji! Nipisheni, nimebeba mtoto!"

Fundi alitema pini kiganjani kabla hajazimeza.

Mume wa mdogo wake alikuwa mchora mabango. Majina ya maduka nusu ya mtaa yalikuwa ya brashi yake, na kila bango alilimaliza kwa kulisifu mwenyewe kabla mwenye duka hajapata nafasi. Rangi haikumtoka kwenye kucha hata siku ya sherehe. Leo alikuwa na boksi kwapani, na mkononi sanduku la chuma la kijivu lenye mpini, zito mpaka bega moja lilikuwa limelala.

"Huyo mtoto mbona ana sura ya jeneza?" fundi aliuliza.

"Tukana, tukana tu. Hiki, shemeji yangu, ni kipima-taa. Nimekitoa stoo kwa fundi redio anayefunga duka. Unachomeka taa kwenye tundu, unazungusha vitufe, mshale unapanda. Ukifika kwenye kijani, taa nzima. Ukilala kwenye nyekundu, izike."

"Na hizo za kwenye boksi?"

"Hizo kanipa kama nyongeza. Yeye mwenyewe hajui ipi hai, ipi maiti. Leo chama kikikaa, nataka tukichukue kiwe chetu sote. Neno lako tu linangojwa. Wewe ukisema ndiyo, nani atasema hapana?"

Fundi akajifanya anatafuta chaki. Kifaa hicho kilimtisha, na sababu yake hakuwa amemwambia mtu.

Chama chenyewe kilikuwa Chama cha Wasikilizaji, watu wasiozidi vidole vya mkono mmoja, kila mmoja na amplifaya yake ya taa nyumbani na mke au mume aliyekwisha kuchoka nayo. Kila Jumapili alasiri walikutana kwenye chumba hiki cha kushonea, kati ya majora ya vitambaa na magauni yanayongoja wenyewe, wakasikiliza santuri, wakabishana. Na fundi ndiye aliyekuwa mwamuzi. Sikio lake lilizoea kazi ngumu: sindano ya cherehani ikianza kuwa butu, yeye aliisikia kabla kitambaa hakijalalamika. Amplifaya akiisikiliza kidogo tu alisema, "Taa hii imechoka," na kweli imechoka. Walimpa jina, Masikio, na jina lile alilipenda kuliko alilopewa na wazazi.

Sasa Masikio alikuwa akiogopa kwamba limebaki moja.

Ilianza miezi kadhaa nyuma. Mwimbaji, ambaye katika santuri nzuri husimama katikati ya spika mbili kama bwana harusi, alianza kusogea kulia. Leo kidogo, wiki ijayo kidogo. Fundi alitia mafuta ya vuguvugu sikio la kushoto, akajifukiza, akalala ubavu. Mwimbaji akazidi kwenda zake. Mwishowe alikigeuza kiti. Alikaa akiwa amelielekeza bega la kushoto kwenye spika, shingo ameilaza, na pale mwimbaji akarudi karibu na mahali pake.

Njia ya kujua ukweli ilikuwepo, na hata anayeanza kucheza na taa huijua. Unaihamisha taa ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Unyonge ukihama, mbovu ni taa. Unyonge ukibaki palepale, mbovu ni wewe. Kazi ya kumenya chungwa. Lakini kila alipoinyooshea taa mkono, mkono ulirudi kwenye kitambaa. Maana ukibaki palepale, je? Mtu wa sikio moja ataamuaje ugomvi wa spika mbili? Alikwisha kujiapia kwamba siku atakayojua sikio limekufa, amplifaya yake, aliyoiunga kwa mikono yake mwenyewe waya kwa waya, ataitoa kwa mwenye masikio mawili, na jina atalirudisha.

Ndiyo maana alipoliona lile sanduku la chuma hakuona kifaa. Aliona shahidi.

"Halifai," alisema.

"Hujalifungua!"

"Na jeneza pia sijawahi kulala ndani, lakini najua halina mto."

Mchora mabango akacheka mpaka boksi likalia kring'. "Ngoja wenzako waje."

Wakaja. Wa kwanza mwokaji mikate, mtu mnene mwenye unga kwenye nyusi. Nyuma yake mwalimu wa hesabu, mwembamba kama rula. Kila mmoja alikuwa na taa zake mfukoni, maana habari za kipima-taa mchora mabango alikuwa amekwisha kuzipigia mbiu. Wakavuta viti. Na kama ilivyokuwa desturi yao siku hizi, kila mmoja alikigeuza kiti chake ubavu, akatanguliza bega la kushoto, akalaza shingo.

Hapo ndipo palipokuwa na aibu kubwa zaidi. Walipomwona Masikio amekaa upande, hawakuuliza. Walidhani ni ufundi. Mwokaji alikwenda kukigeuza kiti cha nyumbani kwake. Mwalimu aliupima mkao ule kwa kipimapembe na kuutangaza kuwa wa kitaalamu. Mtu akipita barabarani na kuchungulia, aliona watu wazima wamekaa kama kuku wanaosikiliza mwewe.

"Haya," alisema mchora mabango, akilipandisha sanduku juu ya meza ya kukatia. Alifungua kifuniko. Ndani mlikuwa na matundu ya kila saizi, vitufe, na kioo chenye mshale mwembamba. "Waheshimiwa, mwisho wa kubahatisha! Kila mmoja wetu ana kabati la taa asizozijua. Tunazinunua gizani, tunazitumia gizani. Hiki kitatuwashia."

"Swali langu ni moja," alisema Masikio. "Taa ikiwa nzima, utasikia?"

"Nitasikia."

"Ikifa?"

"Nitasikia."

"Basi hicho ni cha kumwambia nani? Kiziwi?"

Neno lilimponyoka likamchoma mwenyewe. Wengine walicheka. Mchora mabango alikuwa mtu wa kutunga, na alipokasirika maneno yalimtoka yamepangwa. Akasimama, mkono kifuani:

"Sikio hupata homa, kipimo hakiugui,
Mshale ukishasoma, mjuzi huwa hajui!"

"Ooo!" mwokaji akapiga paja, unga ukaruka. "Mjibu, Masikio, mjibu!"

Fundi hakuhitaji kuombwa. Kwa mashemeji, kunyamaza ni kushindwa.

"Chuma hakina huruma, wala wimbo hakijui,
Na mwenye kukisukuma, arudi nacho, hatui!"

Mwalimu alicheka hadi shingo yake iliyolala ikanyooka, akaikumbuka, akailaza tena.

Wakakubaliana kukijaribu. Mwokaji akatoa taa yake, mchora mabango akaichomeka, akazungusha vitufe kama mtu anayefungua kasha la benki. Taa ikapata moto polepole. Mshale ukapanda, ukasita, ukalala kwenye nyekundu.

"Marehemu," alitangaza mchora mabango.

"Lete hapa." Masikio alizima amplifaya, akangoja taa zipoe, akaing'oa moja kwa kipande cha kitambaa na kuiweka ya mwokaji mahali pake, tundu la kulia. La kushoto hakuligusa. Aliweka santuri ya mwimbaji waliyempenda wote, mama mwenye sauti nzito. Taa iliyohukumiwa kifo ikaimba kama bibi harusi.

"Marehemu anaimba!" mwokaji akashangilia. "Mzee, umenizika hai!"

Ikaja taa ya mwalimu. Mshale ulipanda juu kabisa, kwenye kijani kibichi. Mwalimu akavimba. Masikio akaichomeka tundu lilelile, na spika ikatoa sauti ya mafuta ya moto yaliyoingia maji. Chrrr, chrrr, pah! Mama mwenye sauti nzito akapotelea humo.

"Kijani hicho ni cha ukungu," alisema mwokaji.

Mchora mabango alikuwa amenuna. Alijua, na kila aliyemo chumbani alijua, kwamba kipima-taa hupima nguvu tu. Hakijui mchakacho, hakijui mvumo, na taa iliyochoka kidogo yaweza kuimba miaka mingine mingi. Akasema hivyo, kwa sauti ya mtu anayemtetea mtoto mtukutu.

"Basi shauri limekwisha," alisema Masikio. Aliona mlango wa kutokea, akaukimbilia. "Kizito, kinakula nafasi, na kinasema uongo mara mbili kwa mbili. Kirudi kilikotoka. Tuendelee na santuri."

"Bado zako," alisema shemeji yake.

"Zangu zina nini?"

"Hatujazipima. Umepima za watu."

"Zangu nazijua."

"Si ndiyo raha yenyewe? Uniaibishe vizuri. Zikisoma nyekundu na zinaimba, mimi nalibeba sanduku langu na sitalitaja tena."

"Nimesema hapana."

Alisema kwa ukali kupita kiasi. Mwokaji alitazama mikono yake. Mwalimu alijikohoza. Wakati huohuo mdogo wake fundi, mke wa mchora mabango, aliingia na sinia la chai. Alikuwa uani muda wote, na ukuta wa uani ulikuwa wa mbao.

"Dada," alisema, akiweka vikombe mbali na vitambaa, "mteja akiingia humu anabana tumbo akiiona futi, wewe unamwambiaje?"

Fundi aliishika futi iliyoning'inia shingoni mwake.

"Unamwambia, 'Pumua mama, futi haiumi. Linaloumiza ni gauni lisiloingia.' Nimekusikia tangu nikiwa nasomea kwenye meza hiyohiyo. Sasa wewe umebana nini?"

Alimtazama mdogo wake. Mdogo wake alimtazama vilevile, bila kucheka. Huyu tangu utotoni hakufichwa kitu. Alikuwa akijifanya hajui mpaka umwambie.

"Pima," alisema Masikio. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Amplifaya yake ilikuwa na taa mbili ndogo mbele na mbili kubwa nyuma, kila upande ndogo moja na kubwa moja. Alimrudishia mwalimu taa yake, akazing'oa zake mwenyewe kwa kitambaa, akazipanga zote nne mezani. Na alipokuwa akizipanga aligundua kwamba anaomba dua ambayo mwenye amplifaya hajapata kuiomba tangu umeme uvumbuliwe. Alikuwa akiomba taa yake iwe mbovu.

Za kulia kwanza. Ndogo: kijani. Kubwa: kijani. Mchora mabango akaitikia kwa kichwa, kwa heshima asiyoipenda.

Ndogo ya kushoto. Mshale ulipanda bila haraka, kama mzee anayepanda ngazi, ukafika kwenye kijani, ukaketi.

"Nzima," alisema mwalimu.

Kwa fundi neno lile lilikuwa kama mlango unaofungwa. Alishika ukingo wa meza. Ilibaki moja. Hiyo ndiyo aliyoisifu sana, kubwa, ya tumbo pana, aliyowaambia wote kwamba itamzika. Shemeji yake aliichomeka. Kioo kikapata wekundu. Mshale ukatikisika, ukainuka kidogo, ukakata tamaa, ukalala.

"Hiyo..." Mchora mabango alibonyeza tena. Ukalala tena. Akageuka taratibu, anatafuta maneno ya upole, kitu ambacho hakikuwa fani yake. "Shemeji, pole. Hiyo imekwisha kabisa. Si kuchoka, imekwisha."

Masikio alipiga kigelegele.

Kilikuwa kigelegele kamili, cha kutoka tumboni, mpaka vikombe vikagongana mezani. Alimkumbatia shemeji yake na rangi zake, akamzungusha, akaibusu ile taa iliyokufa, ikamuunguza midomo, akacheka.

"Mama huyu kapata nini?" aliuliza mwokaji.

"Imekufa!" alisema fundi. "Imekufa yenyewe! Si mimi!"

Ikabidi awaeleze. Aliwaeleza akiwa amesimama, haraka, macho dirishani: mwimbaji anayehama, mafuta ya vuguvugu, kiti. Mwalimu alikitazama kiti chake kilichokaa ubavu. Alimtazama mwokaji. Mwokaji alimtazama yeye.

"Kwa hiyo huu mkao..." alisema mwalimu.

"Si wa kitaalamu."

"Lakini mimi shingo yangu imepinda! Nimekwenda kukandwa!"

"Mimi mke wangu hakai tena chumba kimoja na mimi," alisema mwokaji. "Anasema ninamtazama kwa jicho la upande. Na tena, Masikio, huo upande wa kushoto nilikuwa naona umefifia. Nikadhani ndivyo sauti nzuri inavyokuwa, na mimi ndiye mshamba."

"Hata mimi," alisema mchora mabango.

"Mbona hamkusema?"

"Tukubishie wewe?"

Wakacheka mpaka chai ikapoa. Kisha mchora mabango alipekua boksi lake, akachomoa taa kubwa moja baada ya nyingine na kuzipima, nyekundu, nyekundu, nyekundu, mpaka ikapatikana moja iliyosimama kijani. Masikio alizirudisha zake tatu nzima, na hiyo akaichomeka tundu la kushoto kwa mkono wake. Wakavigeuza viti vyote vikaelekea mbele, kama watu wenye akili zao. Santuri ikaanza.

Spika ya kushoto ilipumua. Magitaa ambayo hakuwa ameyasikia tangu siku nyingi yalirudi nyumbani yakiwa na mizigo yao. Mama mwenye sauti nzito alijikusanya, akatoka pembeni, akaja, akaja.

"Katikati kabisa," alinong'ona mwokaji. "Kama msumari."

Masikio aliitikia kwa kichwa, anatabasamu. Wimbo ulipokwisha walimgeukia. Lilikuwa bado linangojwa neno lake.

"Kwenye sauti hakijui kitu," alisema, akiligonga sanduku. "Msikitumie kuchagua taa ya kusikiliza, mtatupa taa nzuri na kuoa mbaya. Mwenye amplifaya moja na taa zake chache asijisumbue, ahamishe tu taa upande huu na huu, asikilize. Lakini sisi tuna makabati, tuna maboksi ya marehemu, na tuna watu wanaoogopa kuhamisha. Kikae hapa, kiwe chetu. Shemeji, ukijisifu nakirudisha."

"Sijasema kitu!"

"Mdomo wako umekwisha kuvuta pumzi."

Walipoondoka, mwalimu akijikanda shingo, mwokaji akiapa kwenda kumtazama mkewe usoni, mchora mabango alitoka nao kuwasindikiza ili aweze kujisifu barabarani. Mdogo wake fundi alibaki akikusanya vikombe. Fundi alikuwa bado amekaa kwenye kiti chake, kimeelekea mbele. Santuri ilikuwa inazunguka tena, polepole, kwa sauti ya chini.

"Dada. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwimbaji."

Fundi alifumba macho. Angeweza kusema katikati. Wote walikuwa wamesema katikati.

"Karibu na katikati," alisema. "Yuko pale palipo na ile nati ya rafu iliyo nyuma ya spika. Upana wa kidole gumba, kulia kwa katikati."

"Mimi namsikia katikati."

"Najua."

"Taa ilikuwa mbovu, sawa. Lakini taa kuwa mbovu hakusemi kwamba sikio ni zima. Mimi nilikuwa nakuita kutoka uani wiki nzima, unatoka kwa mlango wa barabarani."

"Labda ni hiyo taa ya boksi, nguvu zake hazilingani na mwenzake. Labda spika. Labda..."

"Labda," alisema mdogo wake. Alikuwa ameshika sinia, anangoja, hajaondoka.

Fundi alilitazama lile sanduku la kijivu mezani kwake, na ile taa kubwa iliyokufa kando yake. Alikuwa ameibeba hofu ile miezi yote kama mwanamke anayebeba maji kwenye chombo kilichotoboka, akimwagikiwa kila siku na kusema ni jasho. Na alipokubali kupimwa, muda wenyewe haukutosha hata chai kupoa. Aliinua mkono wa santuri. Chumba kikatulia.

"Njoo upande huu," alisema, akionyesha kulia kwake. "Unisikie vizuri ninachokuambia, na mimi nikusikie ukinijibu. Kesho asubuhi cherehani haizunguki. Tunakwenda sote wawili, nipimwe sikio. Na daktari akisema limekwisha, sitabishana naye, wala sitamwambia mashine yake ni mbovu. Nakuahidi, mdogo wangu."